Kibao cha Mama Furaha

Harufu ya dawa ya kulainisha nywele haina adabu. Shati ulifue mara elfu, ulichemshe, ulianike juu ya mnara wa Hillbrow upepo wa Agosti ulipige mwezi mzima, bado ukilivaa watu watajua mama yako ana saluni.

Siku tuliyokuwa tunafunga saluni ya Mama, pale Yeoville, Johannesburg, nilipanda kiti kushusha vitu vya juu ya kabati. Jengo limepata mmiliki mpya, magoti ya Mama yamegoma, na gari la kuhamisha lilikuwa nje linangoja. Nikashusha chupa tupu za shampuu, nikashusha vichwa vya plastiki vya kuvalishia wigi, na kule nyuma kabisa mkono ukagusa kisanduku kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi. Karatasi ya maputo mekundu na ya njano, gundi imekauka, vumbi limelala juu yake kama blanketi. Nikakinusa. Ilikuwa harufu ya saluni, lakini ya zamani, ya wakati ule nikikaa chini ya draya mbovu miguu haifiki sakafuni.

"Maman," nikasema, "kumbe ulikichunga."

Mama alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa. "Weka pale," akasema.

Wenzangu mliokulia mji huu mnakumbuka kazi yetu ya utotoni ilikuwa nini: ukalimani. Kliniki tulitafsiri, shuleni tulitafsiri, mwenye nyumba akija kufoka tulitafsiri na kupunguza matusi njiani. Mimi nilikuwa na Kizulu cha barabarani, Kiingereza cha darasani, na Kiswahili cha Bukavu cha Mama, ambacho nilikielewa chote na kukisema nusu. Hakuna rais aliyewahi kuwa na mkalimani kama mimi, nawaambia. Na nilikuwa na sifa moja ya ziada ambayo watoto wengine wa Kikongo hawakuwa nayo: nilijua pia Kiswahili cha Watanzania.

Nilikijulia wapi? Juu ya saluni yetu aliishi Mama Shabani, mwanamke wa Dar es Salaam mwenye wana watundu na sauti iliyopita kwenye dari kama dari ni chandarua. "Shabani! Nitakuzaba kibao mpaka umsahau baba yako!" Halafu, pa! Halafu kilio. Kwetu kitu hicho tunakiita mbata. Watanzania wanakiita kibao. Neno na maana yake vilinijia siku moja, na mfano wa sauti juu. Kamusi gani ingenifundisha vizuri zaidi?

Sasa, kwenye kona ya saluni, karibu na dirisha, Mama alimpangisha fundi mmoja wa Tanga, Anko Mussa. Alikuwa na kimeza chenye kioo, alitengeneza simu na laptopu, na alikuwa mtu wa salamu. Mama mtu mzima yeyote akiingia, yeye anasimama: "Shikamoo!" Wateja wetu wa Kikongo wakadhani anawaomba washike kitu. "Nishike nini?" wanamuuliza, wamenyoosha mikono. Siku ya kwanza Mama alicheka hadi akamwacha mteja na dawa kichwani zaidi ya muda wake. Nywele za yule mteja zilinyooka mpaka leo hazijajikunja, nina hakika.

Mama alimwita Monsieur Mussa. Yeye alimwita Mama Furaha, maana Furaha ni mimi. Asubuhi Anko alimletea Mama chai kabla hajaomba. Mimi sikuona kitu. Watoto tunaona kila kitu isipokuwa kile kinachoonekana.

Siku moja alirudi kutoka Braamfontein, kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake, akiwa na kitu kijani cha ukubwa wa kadi ya benki. Kimekaa uchi, vyuma vyake vyote nje.

"Furaha, hii ni kompyuta nzima," akaniambia.

"Eish, Anko. Skrini yake iko wapi?"

"TV ya mama yako."

Nilimwamini. Niliamini pia kwamba ukikiloweka kwenye maji usiku kucha kitakua.

Pale saluni alikiita "bodi," kama mafundi wote wa mtaa. Kumbukeni hilo. Bodi hiyo ilikuja na mfumo wa kuiendesha wa kiwandani, maandishi ya Kichina na Kiingereza kidogo, na hakuna neno ungeweza kubadilisha. Mifumo ya bodi maarufu, zile kila mtu anazijua, iliikataa. Hii ilikuwa binamu yao wa mbali, wa bei rahisi. Anko Mussa ikabidi atafute mfumo huria uliotengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya aina hiyo hiyo, watu walioko huko duniani ambao hata hawajuani.

"Huria njo bure?" Mama akauliza; njo ya Bukavu ni ndiyo.

"Bure pia. Lakini huria maana yake unaufungua, unaingia ndani, unabadilisha unachotaka. Hata maneno. Nitaifanya iseme Kiswahili, Mama Furaha. Uone kama utaiogopa tena."

Kwa sababu Mama alikuwa anaogopa kompyuta. Simu aliiweza, simu ina picha. Lakini kompyuta ikifungua mdomo wake wa Kiingereza, mama yangu, aliyevuka nchi tano na mtoto mgongoni, alirudi nyuma hatua. Na alikuwa na hamu ya kusoma. Shule ya jioni ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Jioni alisimama mlangoni na taulo begani akiwaangalia watu wazima wanaingia na mikoba yao.

Basi yakaanza mambo ya maneno. Anko Mussa anafungua laptopu yake, anaandika neno la menyu, anamsomea Mama huku Mama anasuka.

"Hii 'hifadhi' njo nini?" Mama anauliza.

"Ukishaandika kitu unakihifadhi, kisipotee."

"Kwetu hifadhi iko pa ngila. Kule Kahuzi. Bazungu banalipa kwenda kubaangalia. Sasa minaandika barua yangu, minaipeleka kwa ngila?"

Mteja mmoja, aliyejua ngila ni gorila, alicheka rola zikamtoka kichwani, moja ikavuka barabara.

"Wewe ungesemaje?" Anko Mussa akauliza, amekunja uso kama mwalimu.

"Chunga. Unachunga barua. Si rahisi?"

"Mama Furaha, tunachunga mbuzi!"

"Kwenu."

Kesho yake, neno jingine. "Na hii 'ghairi'? Iko ugonjwa?"

"Ghairi ni kuacha jambo ulilotaka kulifanya. Tuseme unataka kuzima. Kompyuta haizimi tu, inakuuliza: unataka kuzima kweli? Kama umebadili nia, unabonyeza ghairi."

"Mutu akiniuliza kama minataka kuzima, na mimi sitaki, minamwambia 'bado.' Andika bado."

"Bado maana yake utazima baadaye!"

"Iko kintu gani haizimikake baadaye, Monsieur Mussa?"

Anko Mussa akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Bado siiandiki. Siiandiki, Mama Furaha. Nikirudi Tanga watanifukuza."

Mimi chini ya draya yangu nilidhani wanagombana. Niliwaza: hawa wawili hawapendani kabisa. Leo najua watu wakigombania neno moja wiki nzima, kinachogombaniwa si neno. Lakini nani alikuwa wa kuniambia?

Kuuweka huo mfumo kulikuwa na vituko vyake. Anauandika kwenye kadi ndogo kama ukucha, anachomeka kadi kwenye bodi, anaunganisha TV, saluni nzima inageuka kutazama. Giza. Anarudi kwenye laptopu, anatafuta mfumo mwingine, anaandika upya. Giza. Wateja wakaanza kuweka dau. Mimi nilipewa cheo cha mwangalizi wa taa, maana bodi ilikuwa na taa mbili ndogo, na mtoto wa Joburg akiona taa nyekundu na ya kijani anajua hiyo ni robot, taa ya kuongozea magari.

"Anko, robot iko red! Imesimama!"

"Nyekundu ni umeme tu, mwanangu. Hiyo itawaka daima. Ngoja kijani. Kijani kikikonyeza, ujue inasoma."

Nilikaa nikiikodolea macho ile kijani hadi nikaiona usingizini. Na siku ilipokonyeza, siku maandishi meupe yalipoanza kumiminika kwenye TV kama mvua ya mawe, nilipiga kelele iliyosikika Pretoria. Dakika hiyo hiyo umeme ukakatwa, ule mgao ambao sote hapa tunauita loadshedding. Kadi ikafa. Anko Mussa hakutukana. Aliniita, akanionyesha waya.

"Umeona? Hii kitu ukiichomoa tu, unaiua. Inakuwa na jambo mkononi haijamaliza. Lazima uiulize kwanza, na yenyewe ikuulize. Sawa?"

"Sharp, Anko."

Baada ya hapo akaacha kuileta saluni. Aliimalizia kwake, sisi akatuambia imeharibika. Nikaamini na hilo.

Ikaja Ijumaa moja mchana. Nimetumwa spaza kununua mkate, ninarudi, namkuta Anko Mussa amesimama pembeni ya mlango anaongea na ndugu yake kwa simu. Kiswahili cha Tanga kinateleza, cha haraka, cha nyumbani. Nikasikia jina la Mama, nikasimama.

"Kesho ndiyo kesho, bwana. Kesho nampa Mama Furaha kibao chake. Ndiyo, mbele ya watu wote, palepale saluni. Aa, nimevumilia vya kutosha. Sasa ajue mimi nina nia gani. Nitampa kibao ambacho hatakisahau maisha yake yote!"

Mkate ulinidondoka. Nilikimbia hatua kumi kwa kasi ambayo nchi hii haijawahi kupeleka mashindanoni. Mama alikuwa anakamua taulo.

"Maman! Anko Mussa iko nasema kesho atakupiga!"

"Atanipiga nini?"

"Mbata. Mbele ya bantu. Anasema amevumilia." Na mimi, mkalimani wa marais, nikampa na sauti yake: "Pa!"

Mama aliweka taulo chini. Hakupiga kelele. Hakuniuliza Anko alitumia neno gani hasa. Hakuniuliza kama alikuwa amekasirika. Angeniuliza ningemwambia ukweli, kwamba alikuwa anacheka, kwamba alikuwa anacheka sana hadi anajifuta macho. Hilo nililiona, ila halikuwa sehemu ya tafsiri.

Kuna jambo ambalo watoto wa saluni ile tulilizoea: viti vyote vya Mama vilitazama mlango. Mtu akipita nyuma yake Mama alisogea, hata katikati ya msuko. Nilidhani ni biashara, kwamba anataka kuwaona wateja mapema. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaanza kujipaka rangi ya mdomo, aliponieleza kwa nini baba yangu alibaki Bukavu na sisi tukaondoka, na kwamba mkono wa baba ulikuja siku zote kutoka nyuma. Ijumaa ile sikujua. Niliona tu Mama amekaa kwenye kiti cha wateja, peke yake, anatazama mlango.

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa. Wamama wa kanisani walikuja mapema, na si kwa kusuka. Mmoja wao, Dada Esperance, alishika chuma cha moto cha kunyooshea nywele. Kimeza cha Anko Mussa kilikuwa nje kwenye lami, vidude vyake vyote vimetiwa kwenye mfuko wa saruji.

Akaja. Shati jipya, kola bado ina mikunjo ya dukani, na mkononi kisanduku cha karatasi ya maputo. Akakiona kimeza. Akatuona.

"Kulikoni, Mama Furaha?"

"Piga," Mama akasema. Alikuwa amesimama katikati ya saluni, mikono chini. "Bantu bako hapa. Piga basi."

"Nipige nini?"

"Mbata! Si ulisema utanipa mbata?"

"Kibao, Anko," nikamtafsiria.

Anko Mussa akatazama kisanduku mkononi mwake. Akatazama juu, nadhani moja kwa moja kwenye dari la Mama Shabani. Halafu akacheka. Alicheka hadi akainama, akainua kisanduku juu. "Kibao! Bodi, jamani! Kibao ni hiki! Kibao, ubao mdogo!" Wamama wakatazamana, mmoja akaelewa, akamtafsiria mwenzake kwa Kifaransa, kicheko kikalipuka saluni nzima. Chuma cha moto kilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu nilikuwa naogopa.

Mama peke yake hakucheka. Ndipo na yeye Anko Mussa akashusha kisanduku.

"Na wewe uliamini," akasema.

"Furaha alisikia..."

"Furaha ni mtoto. Nakuuliza wewe. Muda wote huu tuko chumba kimoja. Umewahi kuniona nainua mkono hata kwa nzi? Na hukuniuliza. Neno moja tu, Mama Furaha. 'Mussa, umesema nini?' Basi."

Mama yangu, mwanamke aliyeweza kubishana na rank nzima ya teksi akashinda, aliokota taulo akaanza kulikunja. Alikuwa na jibu. Lilikuwa refu, lilikuwa limeanzia mbali sana, Bukavu, na pale mbele ya wamama wa kanisani halikuwa na njia ya kutokea.

Anko Mussa akaweka kisanduku juu ya kiti. "Chako hicho." Akabeba mfuko wake, akarudi kubeba kimeza, akaondoka.

Wote tulisema Jumatatu atarudi. Alihamia Troyeville, kwenye duka la mtu, si mbali hivyo. Jumapili moja baada ya ibada Mama akavaa kitenge chake cha heshima, akanishika mkono, tukateremka. Kwenye robot ya mwisho kabla ya mtaa ule akasimama. Ikawa kijani. Hakuvuka. Ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, watu wanatupita, na mimi, mwangalizi wa taa, ninamvuta: "Maman, iko green! Iko green!" Akasema, "Turudi."

Siku alipopata nguvu alinituma mimi na sahani ya sombe imefungwa kitambaa. Nilikuta mtu mwingine kwenye kimeza. Akasema Mussa amerudi kwao Tanga, mama yake anaumwa. Alikula ile sombe yeye.

Neno kibao likabaki saluni kama utani, wateja waliulizana, "Leo unataka kusuka ama kibao?" na kila mtu anaanguka. Mama alitabasamu kidogo, akaendelea kusuka. Kisanduku kilipanda juu ya kabati. Mlangoni jioni hakusimama tena. Mimi ndiye niliyeenda ile shule ya jioni, nilipokuwa mkubwa, na cheti changu kiko ukutani kwa Mama, kikubwa kuliko ukuta. Muhula wa mwisho mwalimu aliweka mezani bodi kama ile ile, akauliza nani anajua hii ni nini. Nikajibu kwa sauti, "Mbata." Darasa zima la Wazulu likanitazama. Nilicheka peke yangu hadi nikaenda kunawa uso.

Kwa hiyo siku ile ya kuhama TV ilikuwa bado ukutani. Nikachana karatasi ya maputo. Ndani kulikuwa na kibao, na alikuwa amekitengenezea nyumba, kaikata kwenye kopo la plastiki la dawa ya nywele la Mama mwenyewe. Harufu ilikuwa inatoka humo. Pembeni waya, na kipanya kimejiviringa. Nikakiunganisha na TV.

"Kitalipuka," Mama akasema. Lakini aliacha kufagia.

Nyekundu ikawaka. Tukangoja. Kijani kikakaa kimya hadi nikasema basi, kimekufa, halafu kikakonyeza.

Ngila alijaa kwenye TV nzima. Ngila mkubwa amekaa kwenye majani anatafuna, na juu yake maandishi: Karibu, Mama Furaha. Mama akatoa sauti ndogo. Nikafungua menyu. Fungua. Andika. Nikashuka. Hapakuwa na hifadhi. Ilisema Chunga.

Kwenye kona, saa. Vibao vya aina hii havina betri ya saa. Ukikizima vizuri kinakumbuka dakika ile, na kikiwashwa kinaendelea kutoka pale, hakijui kilichopita katikati. Ilisema Ijumaa, jioni. Nilimweleza Mama. Nilimwambia, kwa hiki, Jumamosi ile haijafika.

Nje gari likapiga honi. Kijana wa kubeba akachungulia mlangoni: "Sister, the TV?"

"Zima," Mama akasema, akageuka upande.

Nikabonyeza zima. Ngila akafifia, kikatokea kidirisha katikati ya skrini: Unataka kuzima kweli, Mama Furaha?

"Kanauliza," Mama akasema.

Chini yake kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza. Moja ilisema Ndiyo. Ya pili, ambayo Anko Mussa aliapa hataiandika, ilisema Bado.

Mama akafuta mkono kwenye aproni. Akavuta kiti, akakaa, mgongo ukielekea mlangoni, mbele ya kijana wa kubeba na honi yake. Akanyoosha mkono akachukua kipanya kwa vidole viwili, kama kitu kinachoweza kuumia.

"Nibonyeze wapi?" akaniuliza, ingawa alikuwa ameshaona.